Mbao Imekunywa Lita Nne

Nyumba yangu ina matairi 22. Sebule, chumba cha kulala, jiko na stoo, vyote viko ndani ya kichwa cha lori. Kitanda kina upana wa sentimita 70, kwa hiyo usiku ukitaka kugeuka unageuka kwa awamu: kwanza mabega, halafu kiuno, miguu inafuata kesho yake. Utingo wangu analala kitanda cha juu kama popo. Kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi tunaishi humo sisi wawili pamoja na mtungi wa gesi, jeki, sanduku la spana, madumu ya maji, sufuria tatu zisizoingiana, na wakati wa kurudi kiroba cha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, maana mama watoto ameshaamua kwamba kitunguu cha gengeni kwetu Kimara si kitunguu.

Nayaeleza haya mapema ili ujue kwamba yule aliyenishauri niweke spika ya inchi kumi na tano hajawahi kuniona ninavyovaa suruali asubuhi.

Chanzo cha yote ni panya. Alipanda Tunduma pamoja na mchele, akashuka sijui wapi, na katikati ya safari akala ukingo wa spika ya mlango wa kushoto. Ile ya kulia ikabaki mjane. Ikawa inatoa sauti kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku nikawa naisikia nusu nusu, nafahamu kwamba waziri amesema jambo zito lakini jambo lenyewe limebaki kwenye kopo.

Mimi si mtu wa makuu. Nataka muziki wa dansi wa zamani: Mlimani Park, Msondo, na Mbaraka Mwinshehe ninapopita kwao Morogoro. Na nataka kusikia maneno. Wimbo wa dansi ni barua. Mtu ameachwa, anaeleza alivyoachwa, anawataja mashahidi, anamwomba shemeji aingilie kati. Ukisikia magitaa tu umepokea bahasha, barua imebaki posta.

Nikaenda Kariakoo. Ukiingia duka la spika Kariakoo huulizwi unataka kusikia nini, unaulizwa una gari gani. Nikasema lori. Kijana akang'aa uso, akamwita mwenzake, wakaburuta boksi moja lililovikwa zulia jeusi, lina wavu wa chuma mbele na taa za rangi zinazocheza kila mdundo ukipiga.

"Bosi, hii ndiyo ya lori. Inapiga."

"Inapiga nini?"

"Inapiga, bosi."

Akaunganisha simu yake, akaweka wimbo ambao kwa jinsi nilivyousikia mimi ulikuwa na mtu mmoja tu anayehamisha kabati ghorofa ya juu. Suruali yangu ikatetemeka upande wa goti. Nikamwomba aweke mtu anayeimba. Akaniangalia kama nimeagiza uji kwenye baa.

Pembeni kulikuwa na amplifaya yenye maandishi makubwa ya dhahabu: WATI 3,000. Sasa mimi umeme sijasoma, lakini fyuzi nimezibadilisha kuliko nilivyobadilisha soksi. Nikaigeuza. Nyuma ina fyuzi ya ampea 5. Volti 12 mara ampea 5 ni wati 60. Nikamwuliza kijana hizo wati 2,940 zilizobaki zinapitia mlango gani.

"Hizo ni za kilele, bosi."

Nikamwambia mimi silali kileleni, nalala kwenye sentimita 70. Nikatoka.

Dada yangu ana mtoto wa kiume anayesoma mambo ya umeme chuoni, kijana mwenye akili na asiye na adabu ya kuficha anachokijua. Nikampigia. Akaniuliza maswali kama daktari. Mjomba, kutoka sikio lako hadi itakapokaa spika ni umbali gani? Nikamwambia mkono mmoja. Utasikiliza gari likiwa linatembea au limesimama? Nikamwambia likiwa linapanda Kitonga na mzigo hata mke wangu akinipigia simu namsikia kama ishara tu, kwa hiyo tuseme likisimama. Akanyamaza kidogo, nikasikia anabonyeza kikokotoo.

"Mjomba, wati mbili zinakutosha."

Sijawahi kutukanwa kwa heshima namna ile. Wati mbili! Kitaa cha nyuma kinachomulika namba ya gari langu kinakula wati tano, na kazi yake ni kumsaidia askari kuniandikia faini. Kijana hakutetereka. Akanieleza kwamba spika ya kawaida ukiipa wati moja tu, ukasimama mita moja mbele yake, unapata kama desibeli 88, na hiyo ni sauti ya mtu anayekugombeza mezani. Ukiipa wati mbili zinaongezeka desibeli tatu tu, sikio linaona tofauti kidogo. Ili sikio lenyewe likiri kwamba "hapa sauti imekuwa maradufu," unahitaji wati kumi. Na ukitaka maradufu ya hapo, mia moja. Yaani biashara ya wati ni kama kumpa rushwa mtu tajiri: unamwaga nyingi, yeye anatabasamu kidogo.

Halafu akaniletea habari za mzee mmoja wa Marekani, Hofmann, mwanafizikia, mtoto wa mpiga piano mashuhuri, ambaye herufi yake ndiyo ile H katika jina la kampuni ya spika ya KLH iliyoanzishwa mwaka 1957. Mzee huyo aliwaachia mafundi sheria moja chungu. Kuna mambo matatu kila mtu anayataka: boksi dogo, besi inayoshuka chini, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Chagua mawili.

"Nimechagua yote matatu," nikamwambia.

"Mjomba, haiwezekani."

"Mwambie huyo mzee mimi ni mteja."

Ikabidi niachane na la tatu. Sauti kubwa sikuihitaji, nilikuwa naililia kwa mazoea tu. Hapo ndipo mpwa wangu akasema jambo la kwanza lililonifurahisha tangu panya ale spika. Alisema umaskini wangu wa nafasi una faida yake. Wimbi la besi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Kabini yangu kwa upana wake mrefu kabisa haifiki mita mbili na nusu. Wimbi halipati hata pa kunyoosha miguu, kama mimi. Badala ya kusafiri, spika inabaki inabana hewa na kuiachia, inabana na kuiachia, kama pampu ya baiskeli iliyozibwa mdomo, na ile besi ya chini ambayo sebuleni ingepotelea mlangoni, humu inanyanyuka yenyewe. Kwa hiyo usiweke boksi lenye tundu kama wanavyopenda wauzaji, alisema. Jenga boksi lililofungwa pande zote. Besi yake huwa inaanza kuporomoka mapema na taratibu, na palepale linapoishiwa nguvu kabini inalipokea.

Nikaona kweli huyu kijana ada yake haikupotea.

Akaniagiza nirudi Kariakoo niulize spika zenye vipimo vya Thiele na Small. Hao ni wahandisi wawili: Neville Thiele wa Australia aliandika hesabu zake mwaka 1961, Richard Small akaziendeleza miaka ya sabini, na tangu hapo fundi mwenye namba hizo anaweza kujua boksi linataka lita ngapi kabla hajakata ubao. Nikarudi, nikauliza.

"Bosi, hao walihama," kijana akanijibu, "jaribu mtaa wa pili."

Nikachukua spika mbili za inchi sita na nusu kwa kuzibonyeza koni na kidole, kama mtu anayechagua parachichi. Mpwa wangu akatafuta namba zake mwenyewe, akasema zinataka lita kumi kila moja. Ndani: sentimita 20 kwa 20 kwa 25. Zidisha uone, ni sentimita za ujazo 10,000, lita kumi kamili, dumu moja la mafuta ya kula. Nikaandika kwenye karatasi ya risiti ya dizeli, nikampelekea seremala.

Seremala wangu ni mtu wa vitanda na makabati. Alisoma ile karatasi kwa dharau ya mtu aliyezoea futi sita kwa sita. Siku ya tatu nikakuta maboksi mawili mazuri, MDF ya milimita 18, kona zimekaa sawa, gundi imefutwa. Kitu kikaniambia hapana. Nikaazima dumu la lita kumi, nikalijaza mchele, maana maji yangeivimbisha MDF kama andazi, nikamimina ndani ya boksi moja kupitia tundu la spika. Mchele ukapanda, ukapanda, ukafika mdomoni. Nikatikisa dumu. Bado zimo lita nne na ushee.

"Fundi, hapa mbona pamepungua?"

Akatoa futi mfukoni, akapima mbele yangu, polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Ishirini. Ishirini. Ishirini na tano. Mzee, uliandika hivi hivi."

Alikuwa amepima nje. Ondoa unene wa ubao huku na huku, ndani zimebaki 16.4 kwa 16.4 kwa 21.4, na hesabu hiyo inakupa lita 5 na robo tatu. Mbao imekunywa lita nne. Ilizinywea pale pale mbele ya macho yangu na nimeilipia. Tukabishana nusu saa. Mwisho akaniuliza swali ambalo hadi leo sina jibu lake: kwani mtu akikuagiza kitanda cha futi tano, unampimia ndani?

Nilidhani mpwa wangu atanipa pole. Alicheka kwanza, akanyamaza, akabonyeza kikokotoo, akacheka tena. "Mjomba, rudisha hizo inchi sita na nusu, chukua inchi tano. Lita hizo hizo zinazitosha." Dukani kuna karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ilibidi niongeze fedha ili nipewe kitu kidogo zaidi. Na seremala naye nikamlipa tena, afunike yale matundu makubwa kwa vibao vipya na kuyatoboa upya. Jaribu kumweleza hayo mama watoto, kwa simu, mtandao ukikatika kila sentensi.

Kijana akasema pia ndani ya boksi panatakiwa kujazwa kitu laini, sauti ya nyuma ya koni isigonge ubao na kurudi. Kikiwemo, hewa yenyewe inajifanya kama boksi limekua kidogo. Nikamwuliza kitu gani. Akanitajia sufi. Sasa mwaka huu utaipata wapi sufi Dar, watu wote wanalalia vipande vya sponji? Nikakumbuka kwamba utingo wangu ana mto aliopewa na bibi yake Kyela.

Sikuchukua wote. Nilichukua nusu, nikaushona tena kwa mkono wangu mwenyewe. Usiku wa kwanza njiani, Mikumi, nikamsikia huko juu anapiga piga kitu.

"Suka, mto wangu umekonda."

"Barabara hiyo, dogo. Inatikisa."

Maboksi nikayafunga kwa bolti kwenye chuma cha kitanda, nyuma ya viti, moja kila kona. Hapo sikufanya mzaha na wewe usifanye. Boksi la kilo nne au tano lililowekwa tu nyuma ya kisogo linasubiri siku utakayokanyaga breki ya ghafla lije kukusalimia. Varnishi tabaka mbili, maana paa langu linavuja na ile MDF, kama nilivyosema, ni andazi.

Nikaunganisha amplifaya, nikawasha. Maneno, safi. Mwimbaji hakukaa mahali pamoja humo kabini, ila alinieleza shida zake zote. Lakini besi haikuwepo. Si kidogo, haikuwepo kabisa. Gitaa la besi lilisikika kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Nilimlaumu seremala kutoka Morogoro hadi Ruaha Mbuyuni, na kuanzia hapo nikamlaumu Hofmann. Utingo akashauri tutoboe tundu. Kila kijana wa mjini ugonjwa wowote dawa yake ni tundu.

Makambako nilisimama kula, na jirani na mgahawa kuna baraza la fundi redio, mzee mwenye miwani iliyofungwa waya wa shaba, amezungukwa na maiti za redio za tangu enzi za mawe manne. Nikamweleza kwa kirefu: lita, milimita, mawimbi ya mita saba. Hakuniuliza hata swali. Alichukua jiwe moja la redio, jiwe moja tu la volti moja na nusu, akapanda kwenye kabini na ndala zake, akachomoa nyaya za spika ya kulia kwenye amplifaya, akagusisha. Koni ikaruka mbele, tuk. Akaenda ya kushoto, akagusisha rangi zile zile, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Koni ikazama ndani.

Akanitazama juu ya miwani. "Watu wawili wanasukuma gari. Mmoja yuko mbele, mmoja nyuma. Litakwenda wapi?"

Niliichomea mimi mwenyewe ile ya kushoto, usiku, kwa tochi ya mdomoni, na nikageuza nyaya. Moja ilipokuwa inabana hewa nyingine inaiachia, na besi yote inauawa katikati, mahali penyewe ninapokaa mimi. Mzee akageuza, akarudisha, akadai shilingi elfu mbili. Kwa fedha hiyo Kariakoo hupati hata mtu wa kukuita bosi.

Besi ikaja. Ikaja na ukoo wake wote.

Kabini ya lori la zamani ni kabati la vyombo lililofungwa injini. Kila kitu kina noti yake kinayoipenda, na kikiisikia kinaitikia. Mpwa wangu akanitumia programu ya simu inayotoa mlio mmoja unaopanda polepole kuanzia hezi 30, tukakaa na utingo kwenye maegesho kama wachawi, kimya, tumeinamisha vichwa. Kwenye 41 mfuniko wa sufuria ukaanza kuongea. Tukauwekea kitambaa. Kwenye 55 ni kile kikabati cha juu chenye bima na vibali. Tukakibana kwa kipande cha ndala. 63, chupa ya chai ya utingo. 70, jeki, ambayo sikujua kama ina hisia. Kwenye 78 kukawa na mlio mwembamba wa kama mbu wa bati, na huo ulitumaliza. Tulitoa viti. Tulitoa zulia. Tulishusha vitunguu, ingawa tulikuwa tunakwenda na si kurudi, vilikuwa vya safari iliyopita, havikuwa na hatia. Saa moja na nusu baadaye utingo akaingiza waya wa spoku kwenye tundu la kiyoyozi kisichofanya kazi, akavuta sarafu ya shilingi 200.

Akaitia mfukoni. Nilidhani ataniuliza ni ya nani.

Umeme sasa, na hapa nawasemesha madereva wenzangu, wengine wanaweza kwenda kunywa maji. Lori lina volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoshikana mikono. Amplifaya nyingi za gari zinataka 12. Fundi umeme mmoja aliniambia, "Chukua kwenye betri moja tu, mzee, kila mtu anafanya hivyo." Ni kweli kila mtu anafanya hivyo. Ndiyo maana kila mtu anabadilisha betri. Oltaneta haijui nani ana njaa. Inatazama jumla, inapeleka volti 28 kwa wote wawili kama mama anayegawa ugali gizani, na yule ambaye hajanyonywa anazidishiwa mpaka anachemka, na yule anayenyonywa kila usiku hashibi. Na utingo alikwisha gundua kwamba palipo na volti 12 pana maisha: akachomeka simu yake, akachomeka feni ndogo, akachomeka mashine ya kunyolea ndevu ambazo hana.

Wiki tatu. Safari ya pili, Tunduma, foleni ya kuvuka imelala kuanzia jioni, nasi tumelala nayo kwa raha, feni inazunguka, mtu anaachwa taratibu kwenye spika zote mbili. Saa kumi alfajiri foleni ikasogea. Nikageuza ufunguo. Lori likasema tik.

Nikageuza tena. Tik.

Tani 30 za mzigo huwezi kuzisukuma uziwashe kama bajaji. Nyuma yangu malori yakaanza honi, na honi ya lori saa kumi alfajiri haihitaji besi ya kuongezea. Nilitukanwa kwa Kiswahili, kwa Kibemba, na kwa lugha moja niliyoielewa kwa mikono tu. Dereva mmoja mwungwana akanibusti, na wakati tunashika nyaya akachungulia ndani, akaona maboksi yangu yanavyong'aa kwa varnishi.

"Hizi ndizo?"

"Ndizo."

"Wati ngapi?"

Ningesema mbili angechomoa nyaya zake akaondoka. Nikasema elfu tatu. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Sasa nina kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachokula kwenye betri zote mbili kwa usawa, na fyuzi yangu nimeiweka karibu na betri, si karibu na redio kama wanavyopenda kufanya. Betri nimenunua mbili mpya, kwa sababu ukibadilisha moja ile kuukuu inamfundisha mpya tabia mbaya. Nikijumlisha panya, spika za kwanza, spika za pili, seremala mara mbili, betri na sahani ya wali niliyomnunulia yule mwungwana, ningeweza kuwalipa wanamuziki watatu wazee wakae kwenye tela na magitaa yao. Mpwa wangu anasema gharama halisi ya sauti yenyewe ni ndogo sana, nyingine zote ni ada. Nimemwambia atulie.

Kuna siku alinipiga kisu kingine. Aliniuliza nasikiliza nini, nikamtajia. Akasema, "Lakini mjomba, nyimbo nyingi za enzi hizo zilirekodiwa mono. Sauti ni moja. Ungejenga spika moja tu." Anayasema haya baada ya kazi. Na zile nyimbo zenyewe zimetoka kwa kijana wa kibandani anayerusha nyimbo kwenye flashi, mia mbili kwa wakati mmoja, zimebanwa mpaka zinapumua kwa shida. Kwenye spika ya panya hukuyajua hayo. Hizi zangu zinasema kila kitu, hazina siri kama mtoto wa miaka minne mbele ya wageni.

Safari ya tatu, foleni tena. Injini imezimwa, taa zimezimwa, mvua nyepesi ya Tunduma iko juu ya bati. Nikaweka wimbo mmoja ambao nimekuwa nao tangu nikiwa na nywele. Siutaji, usije nawe ukaharibikiwa. Nikafumba macho. Ubeti wa kwanza, sawa. Ubeti wa pili, pale anapomwambia mwanamke kwamba hata mama yake amelia, kabla tarumbeta hazijaingia, mtu akakohoa.

Nikafumbua macho. Nikarudisha nyuma. Akakohoa tena.

Si mwimbaji. Ni mtu wa nyuma, karibu na ngoma, kikohozi kifupi cha mtu aliyejizuia tangu ubeti wa kwanza, akashindwa. Miaka thelathini naupenda wimbo huo na yule bwana alikuwemo humo wakati wote. Nimeusikia harusini, nimeusikia kwenye baa za Mbeya, nimewahi kuuimba mimi mwenyewe mbele za watu, sikumjua. Utingo akashusha kichwa kutoka juu.

"Suka, huyo mgonjwa ni nani?"

Nikampigia mpwa wangu asubuhi. Akafurahi sana. Akasema hiyo ndiyo dalili ya spika nzuri. Nikamwuliza kama anafikiri yule kijana wa Kariakoo bado anayo ile ya inchi kumi na tano.

Bado nauweka wimbo huo, nifanyeje, ndio ninaoupenda. Ila siku hizi ubeti wa pili ukianza, utingo anaacha kugeukageuka kwenye mto wake uliokonda, anazima feni, na gizani huko juu ananiambia kwa sauti ya chini:

"Suka, anakuja."